Unachokubali kikugharimu: namna ya kuzijua tunu zako na kuzirithisha kwa watoto

Msiba ukitokea Dar es Salaam, husomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, aliajiriwa mahali fulani, akaanza kusumbuliwa na maradhi, ameacha mjane na watoto wanne. Wasifu huo huandikwa na familia kwa haraka, tena usiku, na mara nyingi hufanana na wa mtu mwingine yeyote. Lakini kaa chini ya turubai usiku wa matanga, uwasikilize majirani. Hapo utasikia kwamba mgonjwa wa mtaa hakuwahi kulazwa Muhimbili bila marehemu kwenda kumwona. Utasikia kwamba alikopesha watu na hakumdai mtu hadharani hata siku moja, na kwamba akishika hela za kikundi, hesabu inatimia mpaka shilingi ya mwisho. Hayo hakuyaandika popote. Watu waliyaona.

Hayo waliyoyaona ndiyo tunu zake. Kwa maneno mepesi, tunu ni jambo unalolipa uzito kiasi cha kukubali likugharimu pesa, muda, usingizi, hata urafiki. Si sawa na lengo. Lengo la kujenga Chanika linaisha siku unapohamia, lakini ile hamu ya kujitegemea iliyokusukuma kununua kiwanja haiishi. Wala si sawa na sheria za nyumbani, kama ile ya kurudi kabla ya magharibi. Sheria hiyo itabadilika mtoto akikua, ila kile inachokilinda kitabaki palepale.

Ugumu unaanza ukimuuliza mtu tunu zake ni zipi. Atakujibu bila kufikiri: heshima, uaminifu, upendo, kumcha Mungu, bidii ya kazi. Muulize jirani yake, atakutajia hizohizo. Hakuna anayedanganya. Tatizo ni kwamba orodha ya namna hiyo haimtofautishi mtu na mwingine, na mtoto anayesomewa orodha hiyo hajui afanye nini siku mambo mawili mema yatakapogombania nafasi moja.

Shalom Schwartz, mwanasaikolojia wa Israeli, alilitazama jambo hili kwa upana. Mwaka 1992 alichapisha nadharia aliyoipima kwa majibu ya watu wa nchi 20, akazipanga tunu za binadamu katika makundi 10: kujiamulia, kupenda mambo mapya, starehe, mafanikio, mamlaka, usalama, kufuata taratibu, mila, wema kwa walio karibu nawe, na kuwajali watu wote pamoja na mazingira. Alizipanga katika duara. Zilizo jirani huenda pamoja bila shida, na zinazotazamana huvutana. Anayekimbilia mafanikio yake mwenyewe atajikuta mara kwa mara anagongana na wema kwa wengine, na anayependa kujiamulia atagongana na mila. Karibu kila mtu anazo zote 10 kwa kiasi fulani. Tunachotofautiana ni mpangilio wake, yaani ipi hutangulia na ipi husubiri.

Mpangilio huo hauonekani siku za kawaida. Chukua nyumba moja ya vyumba viwili Mbagala. Baba ni fundi umeme, mama ana genge la mbogamboga. Wamekuwa wakiweka akiba ya kumhamishia mtoto wao wa miaka 12 kwenye shule nzuri zaidi. Inapigwa simu kutoka Songea: kijana wa dada yake baba amepata chuo Dar, na hana pa kufikia. Undugu ni tunu yao kweli. Elimu ya mtoto ni tunu yao kweli. Kijana akija, mtoto atagawana naye kitanda, sahani itaongezeka mezani, nauli itaongezeka, na akiba itatafunwa kidogokidogo kwa miaka mitatu. Wakikataa, ukoo mzima utajua kabla ya Ijumaa. Hakuna jibu lililo dhambi hapo. Lakini watakachoamua, na namna watakavyoibeba gharama yake, ndicho kitakachowaonyesha wao wenyewe, na mtoto wao anayesikiliza kutoka chumba cha pili, nini kinatangulia katika nyumba ile.

Pa kutazama

Kwa hiyo anayetaka kuzijua tunu zake asianze na kalamu na karatasi tupu. Aanze na ushahidi uliopo tayari. Simu yako ina meseji za miamala ya miezi mitatu iliyopita. Zisome polepole, moja moja: ya mama kijijini, ya mchango wa harusi ya mtu unayemfahamu kwa mbali, hisa ya kikoba, ada, bando, ile elfu kumi uliyomtumia rafiki aliyeachishwa kazi na hukumwambia mtu. Usizihukumu. Ziulize tu kila moja ilitoka wapi ndani yako.

Hapa kuna tahadhari ambayo wengi wanaofundisha mambo haya huiruka. Matumizi ya mtu mwenye kipato kidogo yanaonyesha shinikizo kabla hayajaonyesha moyo. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mpigo. Huwezi kusema kwamba mpangaji huyo anathamini kodi kuliko wazazi wake. Tazama kile kidogo kinachobaki baada ya lazima kuondolewa. Elfu tano iliyobaki tarehe 20 inasema mengi kuliko laki tatu iliyopita mkononi tarehe 1.

Ushahidi wa pili ni hasira, na mimi nauamini kuliko ule wa pesa. Asubuhi kituoni, konda anaweka mkono mlangoni mwa daladala kumzuia mwanafunzi, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na watu wazima wanapita pembeni yake kuwahi viti. Mtoto amebaki chini na begi lake mgongoni, anatazama saa ya mtu mwingine. Wengine humuona wakageuza uso dirishani. Mmoja husema kwa sauti, "Mpandishe mtoto huyo, wewe!" Kama wewe ni wa kusema, au hukusema na kutwa nzima ikakusumbua, umeigusa tunu yako. Hasira ya kunyimwa chako ni ya kila kiumbe. Hasira ya kuona mwingine ananyimwa chake inakuonyesha ulipo.

Kisha kuna watu unaowakumbuka kwa heshima. Usitaje viongozi na watu maarufu kwanza. Taja bibi, mwalimu wa darasa la nne, mzee wa mtaa, na useme alifanya tendo gani. Ukiyaweka matendo manne matano ya namna hiyo pamoja, yataanza kufanana, na kule kufanana ndiko kunakokueleza wewe.

Kuna kitu kinachojificha ndani ya tunu na si tunu: hofu ya watu watasemaje. Familia nyingi za mjini zimeingia kwenye madeni kwa sherehe ambazo hakuna aliyezitaka kwa moyo, wala bwana harusi, wala bibi harusi, wala baba aliyekopa. Ukiuliza, utaambiwa ni heshima. Jiulize kama ungelifanya jambo hilo katika mji ambao hakuna anayekujua. Kama jibu ni hapana, chunguza vizuri kabla ya kumkabidhi mtoto mzigo huo kwa jina la mila.

Mtoto anasoma nini

Sehemu ya kurithisha ndiyo yenye utata zaidi, na ndiyo wazazi wa mji huu wanayoilalamikia zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Wengi wetu au wazazi wetu tulikuja kutoka mahali pengine. Baba Mhaya amemuoa Mzigua, watoto wanazungumza Kiswahili tu, wanaijua Bukoba kwa picha na Handeni kwa msiba. Kijijini, maadili yalibebwa na mambo mengi kwa pamoja: lugha, shamba, babu aliyekaa barazani, majirani walioruhusiwa kumkanya mtoto wa mwenzao. Mjini vibebeo hivyo vimepungua, na mzazi anayeishi Bunju na kufanya kazi Posta huondoka saa 11 alfajiri, akarudi saa 2 usiku mtoto akiwa amesinzia. Kisicholetwa kwa makusudi hakifiki.

Watafiti wawili, Joan Grusec na Jacqueline Goodnow, walieleza mwaka 1994 kwamba mtoto hupita hatua mbili kabla tunu ya mzazi haijawa yake. Kwanza anatakiwa auelewe ujumbe kama ulivyokusudiwa. Pili anatakiwa aukubali. Tunapoona mtoto "hasikii", tunadhani amekwama kwenye hatua ya pili, kumbe mara nyingi hakuivuka hata ya kwanza. Ameelewa kitu kingine.

Tazama asubuhi moja Tabata. Baba yuko sebuleni, hajavaa hata viatu. Simu inaita. "Niko Buguruni hapa, bosi, foleni mbaya sana." Anakata, anaendelea kutafuta soksi. Mtoto yuko mezani anachovya mkate kwenye chai. Jioni baba huyohuyo atamkanya kwa kusema uongo kuhusu daftari la hesabu. Mtoto huyu si mkaidi. Ameuelewa ujumbe aliopewa: uongo kwa mkubwa wa kazi unaruhusiwa, uongo kwa baba ndio kosa. Anachojifunza pale ni kumwogopa mwenye nguvu, na ukweli haumo katika somo hilo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1970 James Bryan na Nancy Walbek walichapisha majaribio ambamo watoto walicheza mchezo wa kushinda zawadi, kisha wakaachiwa nafasi ya kutoa sehemu kwa watoto maskini. Kabla ya kucheza walimtazama mtu mzima akicheza mchezo huohuo. Kuna aliyetoa na kuna aliyejilimbikizia. Kuna aliyehubiri kutoa na kuna aliyehubiri kutotoa, na wakati mwingine maneno na matendo ya mtu yuleyule yalipingana. Kilichosogeza mikono ya watoto ni tendo waliloliona. Mahubiri hayakubadilisha walichotoa.

Kwa nyumba za Dar, tendo linaloonekana kila siku kuliko yote ni namna dada wa kazi anavyotendewa. Ndiye anayeshinda na mtoto. Mtoto anajua anaitwaje, anakula lini na wapi, analala juu ya nini, analipwa tarehe ngapi na kwa maneno gani, na akiugua nini kinafanyika. Mzazi anaweza kumpeleka mtoto madrasa au shule ya Jumapili kila wiki, akamnunulia vitabu vya maadili, na bado somo la utu likaandikwa jikoni na watu wazima wawili ambao hawakujua kwamba wanafundisha. Nalisema hili kwa uchungu, maana wasichana hao wengi ni watoto wa watu walioaminiwa kwetu, na somo hilo linawaumiza wao kabla halijawaharibu watoto wetu.

Je, maneno basi hayana kazi? Yana kazi kubwa, ila ni kazi tofauti na ile tunayoyapa. Kazi yake ni kutoa sababu ya tendo. Baba anayemtumia hela kila ndugu anayepiga simu anaweza kuwa anafundisha undugu. Mtoto anayemtazama bila maelezo anaweza kuhitimisha kwamba baba hajui kusema hapana. Turudi Mbagala. Kijana wa Songea amepokelewa. Mtoto wa miaka 12 ameamka asubuhi moja amekuta nusu ya kitanda chake imechukuliwa. Asipoambiwa chochote, somo linaloweza kumwingia ni kwamba haja zake hazihesabiki katika nyumba ile, na akikua ataufunga mlango wake kwa kila ndugu. Lakini wazazi wakimkalisha siku mbili kabla, wakamwambia, "Shangazi yako ndiye aliyenilipia mimi sekondari kwa kuuza mahindi. Hili tunalofanya litatuchelewesha kukuhamisha shule, labda mwaka mzima, na tunajua linakugusa wewe. Wewe unaonaje?" basi tendo lilelile limebeba ujumbe mwingine. Gharama imetajwa, sababu imetajwa, na yeye amehesabiwa miongoni mwa watoaji.

Kukubali ni jambo la mtoto mwenyewe

Hatua ya pili haiwezi kulazimishwa, ila inaweza kutayarishiwa njia. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto ambaye hawezi kushika nyundo hupewa mivukuto ya kupulizia moto, na kwa kuvukuta anaingia katika kazi. Ndivyo ilivyo kwa tunu. Mpe mtoto wa miaka tisa bahasha ya rambirambi aipeleke mwenyewe mezani kwa mwandishi wa michango. Mwache binti wa miaka 14 ashike daftari la hela za familia za sikukuu, na akikosea hesabu aieleze mbele ya wadogo zake. Nenda naye kumwona mgonjwa, ukae naye kwenye benchi la wodi mpaka achoke. Ukarimu aliofanya kwa mikono yake hautamwonekea mgeni akiwa na miaka 30.

Mila za pwani zilijua jambo jingine tunalolisahau: si kila somo linafundishwa na mzazi. Kwa Wazaramo, wenyeji wa eneo hili, mwali alifundwa na kungwi, na katika unyago na jando watoto walisikia mambo mazito kutoka kwa watu wazima wasio baba na mama zao, wakiwa na wenzao wa rika, kwa nyimbo ambazo hazitoki kichwani. Sitaki turudishe kila kilichofundishwa humo. Kuna mambo yaliwaumiza wasichana, na mengine yaliwaharakisha kuingia kwenye ndoa. Lakini mpangilio wenyewe ulikuwa na hekima. Kijana wa miaka 15 anayembishia mama yake atamsikiliza mjomba, shangazi, au kocha wa timu ya mtaa. Mzazi mwenye busara huwachagua watu hao mapema, huwaambia wazi anataka wamsaidie nini, na huwaachia nafasi.

Maneno mafupi yanayokaririwa nayo yana nguvu yake. Wazee wetu wengi walikaririshwa ahadi za mwana-TANU, na mpaka leo ukimwanzia mmoja wao atamalizia: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Kukariri peke yake hakumfanyi mtu awe mwadilifu, historia yetu inatosha kulionyesha hilo. Lakini sentensi fupi humpa mtu kitu cha kushika siku ya jaribu, na humpa mtoto haki ya kukuuliza, "Baba, si ulisema?" Nyumba inayoweza kuvumilia swali hilo inaweza kurithisha.

Na lazima tukubali kwamba watakachokipokea watakigeuza. Mwana Kupona binti Msham, wa Pate, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mausia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Alimwambia ashike dini, awe na adabu, awe mkweli, atafute radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Wasichana wanaousoma leo wengi wao wanaupokea upendo wa mama yule na msisitizo wake juu ya ukweli na adabu, na wanabishana na yale aliyosema juu ya mke na mumewe. Sioni kwamba mama yule ameshindwa. Maneno yake yamekuwa yakibishaniwa kwa zaidi ya miaka 160, na kinachobishaniwa bado kiko hai. Vivyo hivyo mjukuu wa nyumba ya Mbagala huenda asimlaze ndugu yeyote sebuleni. Huenda akamlipia hosteli. Ni undugu uleule kwa sura ya kizazi chake, na babu atakayelalamika kwamba "siku hizi hawapokei watu" atakuwa ameshikilia kitanda akaliacha lile ambalo kitanda kilibeba.

Kuandika na kusimulia

Katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush walitayarisha maswali 20 ya kupima kama mtoto anajua habari za familia yake: babu na bibi walikutana wapi, wazazi walisoma wapi, ni msiba au ugonjwa gani uliwahi kuwapata. Waliokuwa wakijua zaidi walionekana kujiamini zaidi, na kuamini zaidi kwamba wana uwezo juu ya maisha yao. Majibu yenyewe si dawa. Yanaonyesha kwamba katika nyumba hiyo watu hukaa wakasimuliana. Na simulizi zenye manufaa zaidi ni zile za kupanda na kushuka: babu alipunguzwa kazi kiwandani miaka ya 1990, bibi akaanza kukaanga vitumbua, mwaka uliofuata duka likafunguliwa, likaibiwa, likafunguliwa tena. Tunapowaficha watoto kuanguka kwetu, tunawanyima sehemu ya hadithi ambamo tunu zilionekana.

Bibi aliye hai na simu yenye WhatsApp vinatosha kuanzia. Muulize swali moja tu, umrekodi dakika tano: ni uamuzi gani ulikuwa mgumu kuliko yote, na kwa nini uliamua vile? Usimwombe nasaha. Ukimwomba nasaha atakupa zile za kila mtu.

Kwa maandishi, wosia wa mali una utaratibu wake, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandaa na kuhifadhi wosia kwa wanaotaka. Wosia wa tunu hauna ofisi. Andika barua ya kurasa mbili, tatu. Weka humo maamuzi matatu ya maisha yako: uliacha nini, ulichagua nini, ilikugharimu nini, na leo ungefanya vilevile au la. Kama kuna uliloamua vibaya, liandike na sababu yake. Kisha uwape watoto ukiwa hai na akili timamu, siku ya kawaida tu baada ya chakula, waisome mbele yako na wabishane nawe. Acha nafasi pembeni ya kila ukurasa waandike yao. Nakala moja ibaki kwa mtoto mmoja, nyingine kwa shangazi au mjomba aliye mkoa mwingine, na ile ya kwenye simu usiitegemee, kwani simu huibiwa.